Tulihesabu walioko chini, tukawaacha wa mgongoni: yaliyonikuta na kibali cha kulea wachanga nyumbani (Masaka, Kigali)

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, Vestine alifungua mbeleko ili ambadilishe mtoto nepi, na mtoto hakushtuka.

Wakuu, salamu kwenu. Naanzia hapo kwa sababu ndipo mambo yalipoanzia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, na ya ofisi sikuyataja. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Kinachonifanya niandike ni kwamba humu kuna kina mama wengi, na nadhani kina baba pia, wanaotaka kufungua kituo cha kulea watoto nyumbani. Nimesoma nyuzi zenu. Karibu zote zinauliza mtaji. Sijaona unaouliza kibali kinaruhusu watoto wa umri gani.

Nirudi Jumanne.

Mtoto anaitwa Ineza. Alikuwa na miezi minne. Vestine ndiye msaidizi wangu mkubwa, mama wa makamo, mpole, hana pupa. Aliniita, "Mama Rukia, njoo," kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyonitisha.

Nilimkuta mtoto amelegea, amelowa jasho, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilimlaza kwenye meza ninayokatia vitambaa. Nikamvua kofia, sweta na kiblanketi, nikamsafisha pua, nikamsugua nyayo na mgongo huku namwita. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka watoto wakubwa walikuwa wanaimba wimbo wa kunawa mikono, na waliuimba mpaka mwisho.

Kisha akavuta pumzi. Kilio kikaja baadaye, chembamba, kama cha mtu aliyeudhiwa usingizini. Jirani mwenye gari alitupeleka kituo cha afya.

Niwatoe wasiwasi mapema: Ineza yuko hai. Lakini msitegemee kwamba kwa sababu hiyo hadithi hii ni ya furaha.

Kidogo kuhusu mimi, ili mjue nani anaongea. Nimezaliwa Biryogo. Babu yangu alitoka pwani na biashara ya nguo akaoa huku, ndiyo maana nyumbani tumekua na Kiswahili. Shule niliishia darasa la sita. Mengine yote nimeyasoma mwenyewe, pamoja na sheria, maana nilipokuwa fundi cherehani pale Muhima nilichoka kusaini mikataba ya pango nisiyoielewa. Macho yalipoanza kukataa sindano nilihamia Masaka, kwenye nyumba yangu, nikatafuta kazi nyingine.

Masaka ya sasa mnaijua: kila shamba la mihogo lina msingi wa nyumba katikati. Wazazi wanaondoka na moto, yaani pikipiki za abiria, alfajiri kwenda mjini, na watoto wanabaki na yeyote aliyepo. Nikaona hapo pana kazi.

Nilikwenda umurenge, yaani ofisi ya kata, nikapewa masharti ya kituo cha malezi cha nyumbani. Niliyasoma na rula na penseli, mstari kwa mstari. Uzio, choo cha watoto, maji ya kunawa, uji, sehemu ya kuchezea, idadi ya walezi. Vyote nilivitimiza kabla sijapokea mtoto hata mmoja. Kibali kikatoka kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita.

Sehemu ya wachanga sikuisoma kwa rula. Niliipita tu, kama unavyopita duka la bidhaa usiyonunua. Sikuwa na mpango wa kupokea wachanga.

Wachanga hawakuja kwa mpango. Mama analeta mtoto wa miaka mitatu. Mwaka unaofuata anajifungua, likizo inakwisha, na asubuhi moja anafika na wawili, mmoja kashika mkono, mwingine yuko mgongoni. Anasema, "Huyu mdogo naye nimuache tu na kaka yake." Unamjua, anakujua, mmelia pamoja kwenye misiba. Utamwambia nini?

Nikawa na wachanga watatu. Watoto wakubwa kumi na wawili, walezi watatu nikijihesabu mimi.

Hapa naomba msome polepole, maana kosa letu liko hapa.

Kwetu mtoto wa mgongoni hahesabiwi. Sisemi kwa ubaya, ndivyo tunavyoishi. Ndani ya basi halipi nauli. Msikitini na kanisani hana nafasi yake. Ukiulizwa mmekuja wangapi kwenye harusi, unataja waliotembea kwa miguu. Yule wa kwenye mbeleko, au ingobyi kama tunavyoiita, ni sehemu ya mwili wa aliyembeba.

Basi tukafanya hivyo hivyo kituoni. Asubuhi nilihesabu watoto: kumi na wawili. Nikahesabu walezi: watatu. Hesabu ilikubali na masharti, tena na ziada. Wachanga walikuwa migongoni mwetu, mmoja kila mlezi, na kila mmoja wetu aliendelea na kazi kama kawaida. Vestine alikuwa na Ineza.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nimekata suti za maharusi miaka ishirini bila kuharibu kitambaa. Na bado hesabu ile ilinipita mbele ya macho kila asubuhi.

(Umeme ulikatika hapa. Naendelea.)

Kituo cha afya, muuguzi alimwekea mtoto hewa, akampima joto, akatuuliza maswali. Alitueleza kwamba mtoto alipata joto kupita kiasi na pua yake ilibanwa. Asubuhi ile kulikuwa na mvua na baridi, tukamfunika mpaka kichwani. Vestine alikuwa ameinama kwenye sufuria la uji, mvuke unampanda, na uso wa mtoto umegandamana na mgongo wake. Hakulia. Mtoto wa umri ule, alisema muuguzi, mara nyingi halii, anazima kimya kimya.

Jamani, sisemi kumbeba mtoto mgongoni ni kosa. Mimi nimebebwa, nimebeba. Lakini mama anayembeba wake anamsikiliza kwa mgongo wake. Vestine alikuwa anasikiliza watoto kumi na wawili.

Muuguzi aliuliza mtoto alikuwa wapi. Nikamwambia ukweli: kwenye kituo changu, na mimi ndiye mwenye kituo. Akaandika. Baadaye watu watatu tofauti waliniambia nilipaswa kusema alikuwa kwa jirani.

Mama yake akafika. Claudine ni muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi Muhima, karibu na Nyabugogo. Anamlea Ineza na kaka yake peke yake. Alikuja na fulana ya duka, bado ana kalamu sikioni. Kiswahili chake ni cha dukani, cha kuongea na wateja wa Kongo.

"Mama Rukia, mtoto iko namna gani?"

Nikamwambia anapumua. Akakaa chini, sakafuni, hapo hapo mlangoni. Hakunilaumu. Alipoinuka alimchukua mwanawe, akamnyonyesha, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: kama kesho ataweza kumleta. Kazini alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu. Bosi alishamwambia kwamba tangu atoke likizo ya uzazi amekuwa mtu wa dharura, na dharura nyingine itakuwa ya mwisho. Nikamwambia amlete.

Kwa hiyo wakuu, jueni kilichokuwa mezani kuanzia siku ile. Nyumba yangu ikiruhusiwa kupokea wachanga, Claudine anabaki kazini. Isiporuhusiwa, hana wa kumwachia mtoto.

Alhamisi akaja afisa wa malezi kutoka wilayani. Binti wa umri wa mwanangu, amekulia Tanzania upande wa Kagera, akanisalimu shikamoo. Nilifurahi, nikadhani tutaelewana haraka. Aliangalia uzio, choo, maji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza nina watoto wangapi leo.

"Kumi na wawili," nikasema.

Akatazama uani. Vestine alikuwa anafagia, mgongoni ana mtoto wa jirani mwingine.

"Na yule?"

"Yule amebebwa."

"Naona amebebwa, mama. Nauliza umemhesabu wapi."

"Yuko na Vestine."

"Na Vestine umemhesabu wapi?"

"Kwa walezi."

Hakuwa anafurahia, nawaambieni. Akasema, "Vestine ana mikono miwili, na yote iko kwenye ufagio. Huyo mtoto hana mlezi, mama. Ana kitenge."

Vestine ndiye aliyejibu, bila kuacha kufagia: "Mimi nimebeba watoto wanne mgongo huu, wote wako hai. Mmoja ni askari."

Afisa akacheka kidogo, kwa heshima, akamwambia amsalimie huyo mwanawe askari. Lakini hakubadilisha neno.

Alinikalisha akanieleza, na nawaandikia nilivyoelewa. Msinichukue kama wakili. Nendeni mkaulize kwenye ofisi zenu, maana masharti hubadilika na kila nchi ina yake.

Kibali ni cha umri, si cha nyumba. Kuruhusiwa kulea wa miaka mitatu hakukuruhusu kulea wa miezi mitatu. Wachanga wana kundi lao, na mlezi wa wachanga anahesabiwa kwa wachanga tu. Huwezi kumhesabu mara mbili, huku anapika uji wa wakubwa, huku analea mdogo. Idadi ya wachanga kwa mlezi mmoja ni ndogo kuliko ya wakubwa, tena ndogo sana. Wanatakiwa chumba chao cha kulala, wanalala chali mahali tambarare, mlezi anawaona nyuso. Chumba kisiingiliwe kupitia jikoni. Pawe na mahali pa kubadilishia nepi na maji ya kunawa hapo hapo, na mahali safi pa kuhifadhi maziwa ya mama.

Nilimuuliza swali moja tu: kumbeba kunakatazwa? Akasema hapana. Mtoto akilia mbebe, akikataa kulala mbebe. "Ila umhesabu kwanza, ndipo umbebe."

Wakubwa waliruhusiwa kubaki. Wachanga wote watatu waondoke siku ile ile, mpaka nitimize masharti na kuomba kibali cha kundi lao.

Jioni niliwaambia wazazi. Mama mmoja alisema, "Siku hizi mgongo nao unaombewa leseni," wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Mwingine alisema mimi ndiye niliyejichongea kwa muuguzi. Wakachukua watoto wao wakaenda.

Claudine alibaki. Alingoja wenzake watoke, akanisogelea. Alikuwa na wazo, na alikuwa amelifikiria kwenye moto njia nzima kutoka mjini.

"Mama Rukia, tuandike karatasi. Mimi nasaini nimekubali mwenyewe abebwe. Ikitokea kitu, si wewe. Iko mimi."

Nikamwambia hapana.

"Kwa nini? Mimi ndiye mama yake."

Nikamwambia karatasi ile ingenilinda mimi, haingemlinda Ineza.

Akafunga mbeleko taratibu, kama anavyofunga kila siku. "Basi wewe iko na sheria," akasema. "Mimi niko na kazi mpaka kesho."

Hayo ndiyo maneno ambayo nimeyasikia kichwani mara nyingi zaidi tangu siku ile.

Nilimwahidi kwamba nitaharakisha. Na niliharakisha kweli. Nilitoa mashine zangu za kushona kwenye chumba cha nyuma, nikauza mbili. Tatizo la kile chumba ni kwamba mlango wake ulipita jikoni. Ilibidi kutoboa mlango mwingine na dirisha upande wa uani. Ukuta ni wa matofali mabichi, ndio unaobeba paa, kwa hiyo fundi akasema lazima nguzo na boriti kwanza, vinginevyo nyumba italala. Na kabla ya hapo ruhusa ya kubomoa ukuta. Niliomba. Nikangoja.

Vestine nilimpeleka mafunzo ya wachanga. Mwanzoni alikwenda amenuna. Aliporudi siku ya pili aliniambia kwamba watoto wake hawakuwa wanne. Walikuwa watano. Wa kwanza alizima usingizini akiwa mgongoni mwa shangazi yake, shambani, na watu walisema ni Mungu tu.

Miaka yote tuliyofahamiana hakuwahi kumhesabu.

Tulimenya viazi mpaka vikaisha.

Claudine naye alihangaika kwa njia zake, mengine alinisimulia mwenyewe. Wiki ya kwanza alimlaza Ineza kwenye boksi la vigae nyuma ya kaunta. Bosi alivumilia, si mtu mbaya, lakini wateja waliokuja na mikokoteni ya saruji walijaza vumbi na mtoto akakohoa. Akamleta binti wa kazi kutoka kijijini. Binti akaondoka baada ya mshahara wa kwanza, bila kuaga. Siku ile Claudine hakwenda kazini. Kesho yake alipokwenda, fulana yake ilikuwa imevaliwa na mtu mwingine.

Alikuja kuniambia Jumamosi moja, fundi anapaka lipu pembeni mwa dirisha jipya. Ineza alikuwa mgongoni, mnene, macho makali. Nilimchungulia uso kabla sijamsalimia mama yake. Siku hizi nafanya hivyo kwa kila mtoto.

Claudine aliangalia dirisha. "Zuri," akasema. "Linaingiza hewa ya nani?"

Nikamwambia anipe wiki chache tu. Akasema hapana, ameshapanga, anarudi kwa mama yake Mkoa wa Mashariki, huko kuna maharage ya kupalilia na hakuna pango la kulipa. Yule mkubwa akanikumbatia miguu. Wakaenda kupanda moto.

Kibali cha wachanga kilikuja. Kiko ukutani. Afisa yule yule alikileta mwenyewe na kunipongeza, na kusema chumba changu ni cha mfano.

Hakuna mtoto ndani yake.

Sababu ni rahisi. Mlezi mmoja kwa wachanga wachache maana yake ada inapanda. Nilipiga hesabu kila namna, hata bila faida yangu mimi, na bado mama wa Masaka anayeuza nyanya hawezi kulipa. Wanaoweza wanaishi Kagarama, na wao wana yaya nyumbani.

Wale wachanga wawili wengine wako kwa mama mmoja, lango la tatu kutoka kwangu. Hana kibali cha aina yoyote. Kila asubuhi naona mbeleko mbili zikiingia pale.

Nimekwenda kuongea naye. Nilimweleza yote niliyowaeleza hapa, nikamwonyesha jinsi ya kumlaza mtoto chali, nikamwambia yaliyompata Ineza. Alinisikiliza vizuri, akanipa chai. Alipokuwa ananisindikiza nilimuuliza analea watoto wangapi. Akasema, "Mimi? Hawa wanne hapa chini."

Sijamripoti. Nikimripoti, wale kina mama wawili watafuata njia ya Claudine. Nisipomripoti, najua ninachokijua. Hapo ndipo nilipokwama, na nisingependa kujifanya kwamba nimepata jibu.

Nililojifunza ni hili. Kabla ya kuuliza mtaji, uliza umri. Soma hata kurasa zisizokuhusu, maana watoto hawaangalii kibali, wanazaliwa tu na kuletwa. Na asubuhi unapohesabu, zunguka nyuma ya kila mtu mzima uangalie mgongo wake. Mengine nilidhani ni urasimu wa watu wa ofisi. Sasa nadhani kila sharti lile liliandikwa baada ya mtoto fulani, na ni nani huyo hatutamjua.

Claudine alipiga simu juzi. Ineza anakaa bila kushikwa. Hakuniuliza chumba kinaendeleaje, na mimi sikumwambia.

Wenye uzoefu wa kuendesha chumba cha wachanga kwa ada ambayo mama wa kawaida anaweza kulipa, iwe Kigali, Bujumbura, Goma au Dar, niandikieni mnafanyaje. Na kuhusu yule mama wa lango la tatu, semeni kweli kama mngekuwa mimi. Matusi nitayasoma pia.

Mmoja aliniuliza kwa ujumbe imenigharimu kiasi gani. Mshahara alioupoteza Claudine siujui, sikuwahi kumuuliza, kwa hiyo haumo. Mlango, dirisha, boriti, vitanda, mafunzo, na malipo ya Vestine kwa miezi ya kukaa na chumba kitupu, ukiondoa nilichopata kwenye zile mashine mbili: nimepoteza faranga laki saba na elfu kumi na mbili.